Pendekezo linaloeleweka ni lipi?

Shuka mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, ukanunue dagaa. Muuzaji wa kwanza atakwambia, "Dada, chukua fungu hili, wenzako wote wanachukua hili." Wa pili atasema, "Chukua hili, limeanikwa kwenye chanja, halina mchanga." Wote wawili wamependekeza. Ila neno la yule wa pili unaweza kulipima palepale: unatia mkono, unasugua dagaa kiganjani, mchanga kama upo utauona.

Mfumo wa mapendekezo ni programu inayomchagulia mtu kinachofuata. Kwa anayejifunza kuandika programu, kinachofuata ni zoezi. Pendekezo huitwa la wazi linapokuja na sababu, na huitwa linaloeleweka pale mwanafunzi mwenyewe anapoweza kuikagua sababu hiyo. Watu huyachanganya mambo haya mawili.

Katikati ya miaka ya 1990, Albert Corbett na John Anderson wa Carnegie Mellon, Marekani, walieleza njia ya kukadiria kama mwanafunzi wa programu ameshaelewa kanuni fulani. Kila anapojibu, mfumo huzingatia uwezekano wa mambo manne, kila moja na namba yake: huenda alikuja akiijua, huenda ameijifunza sasa hivi, huenda amebahatisha, huenda anaijua ila ameteleza. Makadirio yakifika 0.95, yaani asilimia 95, kanuni hiyo inahesabika imeshikwa. Mwanafunzi alionyeshwa vipimo vya mistari kwenye skrini, kila kanuni na wake, ukirefuka kadiri anavyopatia. Mstari huo anaelewa hata mtoto. Mwandikie sasa mwanafunzi wa kidato cha kwanza zile namba nne zote: umekuwa muwazi kabisa, na hajaambulia kitu.

Tuseme anajifunza lupu, yaani amri zinazojirudia hadi sharti lake likome, na i ndiyo namba inayohesabu mizunguko. Kinachomfaa ni sentensi kama hii: "Nimekuletea zoezi hili kwa sababu katika majaribio matatu kati ya manne yako ya mwisho, lupu ya while haikusimama, hukuongeza thamani ya i." Hapo anafungua msimbo wake, anautazama, anakubali au anabisha. "Wanafunzi kama wewe walilipenda zoezi hili" ni lugha ya yule muuzaji wa kwanza. Wanafunzi kama mimi ni akina nani? Wenye kompyuta ya mtu mmoja mmoja?

Maana huku Mwanga, hapahapa Kigoma mjini, vijana watatu wanaweza kushika kompyuta moja kwa akaunti moja. Mfumo unamwona mwanafunzi mmoja asiyetabirika, leo hodari, kesho hajui hata kutangaza kigeu, yaani kuipa jina sehemu ya kuhifadhia thamani. Umeme nao ukikatika katikati ya zoezi, saa ya mfumo huenda ikaendelea kuhesabu, kisha ikaamua kwamba zoezi limekushinda na kukurudisha kwenye somo la kwanza. Mfumo uliofungwa hukurudisha kimya kimya. Ulio wazi unasema: "Nimekurudisha kwa sababu ulitumia dakika 40." Ukiisoma tu, unajua kosa liko wapi.

Kwa hiyo anayebuni mfumo huu asiishie kwenye sentensi ya sababu. Aweke pembeni yake kitufe cha "Hapana, umeme ulikatika", na kingine cha "Aliyejibu si mimi". Kikibonyezwa, zile dakika 40 au yale majibu ya mwenzio yaondolewe kwenye hesabu, na mstari wa kipimo cha lupu kwenye skrini usogee mwanafunzi akiuona.