Nani Alihesabiwa Mtu Mwaka 1776?

Azimio la Uhuru la Marekani lina sentensi ambayo Kiswahili huifasiri vizuri kupita kiasi: watu wote wameumbwa sawa. "Watu" wetu hawana jinsia. Neno la Kiingereza lililotumika pale laweza kuwa binadamu, laweza pia kuwa wanaume, na ugomvi mrefu umo humo humo. Kwa hiyo somo langu huanzia kwenye tafsiri: nani alihesabiwa mtu?

Zamani nilifundisha kwa kufuata miaka tu: uhuru 1776, utumwa ukakomeshwa 1865, wanawake wakapata kura 1920. Wanafunzi walitoka wakiamini kuwa misingi ya taifa hukua yenyewe, kama mti. Nimeuacha mtindo huo kwa sababu unawafuta waliopigania. Mwaka 1848, huko Seneca Falls, jimbo la New York, mtetezi wa haki za wanawake Elizabeth Cady Stanton na wenzake waliichukua sentensi ile ile wakaongeza "na wanawake". Hawakutunga msingi mpya. Waliudai ule wa zamani.

Siku hizi nakaa sana kwenye mwaka 1857. Katika kesi ya Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake mahakamani, Jaji Mkuu Roger Taney alikubali kwamba maneno ya Azimio yanaonekana kumgusa kila binadamu, ila akashikilia kuwa waandishi hawakuwakusudia Weusi waliokuwa watumwa. Miezi michache baadaye Abraham Lincoln akamjibu: waandishi waliweka kipimo cha kukaribiwa siku zote, hata kisipofikiwa kikamilifu. Nagawa darasa pande mbili, kisha katikati ya mjadala nawabadilisha. Wengi huanza kwa kumdharau Taney, mpaka wakumbuke kwamba Thomas Jefferson, aliyeandika rasimu, kweli alimiliki watumwa. Hapo ndipo kazi inapoanza: ahadi hufungwa na nia ya aliyeitoa, au na maneno aliyoyatamka? Mjadala huu siuharakishi, hata ukila vipindi viwili.

Marekebisho ya 14 ya Katiba, 1868, yalifuta hoja nyingine ya Taney katika kesi hiyo, kwamba Weusi hawawezi kuwa raia: anayezaliwa nchini na kuwa chini ya sheria zake ni raia. Hata hivyo, wenyeji wa asili wengi walibaki nje hadi sheria ya 1924. Kipindi cha mwisho nawarudisha kwenye Azimio lenyewe, chini zaidi, kwenye orodha ya malalamiko dhidi ya mfalme wa Uingereza. Humo wenyeji hao wanaitwa washenzi wasio na huruma.