Kumfunza na kumkimbiza kilebu wa mbwa wa macho: dhana potofu na ukweli wake

Wapo mbwa wanaowinda kwa pua, wakinusa nyayo hadi wamfikie mnyama, na wapo wanaowinda kwa macho: saluki wa nchi za Kiarabu, greihaundi na wipeti wa Uingereza, azawaki wa Sahel. Hapa Uganda hawa wa pili ni wachache bado, na kwa sababu hiyo anayempata mtoto wao hupewa ushauri uliotokana na mbwa wa ulinzi au na mbwa wetu wa kienyeji. Nimemlea saluki mmoja, Shaba, hapa Tororo tangu akiwa na wiki kumi. Mengi niliyoambiwa na watu walionitakia mema hayakuwa kweli, na moja kati ya hayo lilimwumiza.

Dhana: Mbwa wa mbio asipokimbizwa sana utotoni hatapata nguvu

Shaba alipokuwa na miezi mitano nilikubali afungwe kamba nyuma ya baiskeli kila asubuhi, kilomita tatu kwenda na tatu kurudi, juu ya lami. Wiki ya pili niliona kwamba akiamka anasimama kwanza kwa miguu mitatu, ule wa mbele wa kushoto ameuinua kidogo, kisha baada ya hatua kadhaa anatembea kama kwamba hakuna neno. Daktari wa mifugo aliubonyeza mguu pole pole juu tu ya kifundo, na Shaba, ambaye halii ovyo, akalia. Alipumzishwa kwa majuma matatu akapona, lakini kosa lilikuwa langu, nami nalieleza ili mwingine asilirudie.

Ukweli ni kwamba mifupa mirefu ya mtoto wa mbwa hukua kwenye tabaka za gegedu zilizo karibu na ncha zake, na gegedu hilo ni laini kuliko mfupa uliokomaa. Kwa mbwa wakubwa kama saluki na greihaundi tabaka hizo hufunga kati ya miezi 12 na 18 hivi. Wipeti, kwa kuwa ni mdogo, hukomaa mapema zaidi. Kabla ya hapo, mwendo wa kulazimishwa usiobadilika, wa mbali na juu ya ardhi ngumu, hulemea sehemu ileile mara maelfu, na mtoto wa mbwa aliyefungwa kamba hana namna ya kusema amechoka, kwa maana anamfuata mtu wake. Kuruka kutoka juu ya gari la mizigo na kugeuka kwa ghafla akiwa kwenye kasi ni hatari zaidi ya kutembea.

Haina maana kwamba afungiwe asicheze. Utafiti wa Norwe uliochapishwa mwaka 2012, uliofuatilia aina nne za mbwa wakubwa, mmojawapo akiwa mbwa wa macho wa Ireland aitwaye wolfhound, ulionyesha kwamba watoto waliopanda ngazi kabla ya kufikisha miezi mitatu walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata ulegevu wa viungo vya nyonga, ilhali waliocheza nje bila kamba katika umri huohuo walikuwa katika hatari ndogo zaidi. Mtoto anayecheza kwa hiari hukimbia sekunde chache, akasimama, akanusa, akalala kwenye nyasi, akaanza upya. Hicho ndicho kipimo. Kanuni inayosemwa sana, ya kutembea dakika tano kwa kila mwezi wa umri, ni tahadhari nzuri kwa matembezi ya kamba, ila mtu asiichukue kama sheria iliyopimwa maabara.

Tena hata akishakomaa, mbwa huyu si wa kukimbia siku nzima. Greihaundi hufikia karibu kilomita 70 kwa saa, lakini kwa muda mfupi tu, halafu hulala saa nyingi. Saluki huvumilia zaidi, naye pia akishakimbia vizuri hutafuta mkeka.

Dhana: Haitiki akiitwa, kwa hiyo ni mjinga au ni mkaidi

Hapa ndipo ningependa msomaji akae nami kidogo, kwa sababu mafunzo yote ya mbwa huyu yamejengwa juu ya jambo hili. Mbwa wenye pua ndefu wana, ndani ya jicho, ukanda mlalo uliosheheni chembe za kuonea, unaowawezesha kutambua kitu kinachosogea mbali kwenye upeo. Kilichotulia hawakijali sana. Kinachosogea huwashika mwili mzima, na mbwa wa macho amezaliwa kwa vizazi vingi ili akimbie bila kungoja amri ya mtu, kwani mwindaji wake alikuwa nyuma mbali.

Nimemtazama Shaba mara nyingi kwenye njia ya nyuma ya soko. Kavera jeupe, yaani mfuko wa plastiki, linapeperushwa na upepo mita themanini mbele. Masikio yanapanda, shingo inanyooka, mguu mmoja wa mbele unabaki hewani, mkia unatulia. Kuanzia hapo nina muda wa kama sekunde mbili. Nikimwita ndani ya sekunde hizo, anageuka. Nikichelewa akaruka, sauti yangu ni kelele tu kama kelele za malori yanayotoka Malaba, mpakani na Kenya. Mbwa akikimbia kilomita 60 kwa saa, baada ya sekunde kumi yuko zaidi ya mita 160 kutoka ulipo, na barabara haiko mbali.

Kwa hiyo kumfunza kurudi akiitwa ni kumfunza ageuze macho kabla hajaondoka. Nilianza ndani ya nyumba, nikiita jina lake mara moja tu na kumpa dagaa mmoja mkavu kila alipokutanisha macho yake na yangu. Mukene, yaani dagaa wetu wa hapa, wanafaa sana, ila wasiwe wa chumvi, na wachambuliwe mchanga. Baadaye tulihamia uani, kisha njiani, kwa kamba ndefu ya mita kumi iliyofungwa kwenye mkanda wa kifuani. Kamba ndefu haifungwi shingoni, kwa sababu akifika mwisho wake kwa kasi shingo ndiyo hupokea kishindo chote. Kwa kamba fupi ya kawaida kola iwe pana na ya kujikaza kidogo, kwani kichwa cha mbwa hawa ni chembamba kuliko shingo na kola ya kawaida huvuka masikioni akirudi nyuma kwa hofu.

Na hata baada ya miezi ya bidii, mahali pasipo na ukuta simwachii. Sioni aibu kusema hivyo. Kuna mbwa wa macho wanaorudi vizuri sana, lakini mazoea hayashindi kila mbio.

Dhana: Samaki mkunje angali mbichi, kwa hiyo fimbo ianze mapema

Methali inasema kweli kuhusu wakati, haisemi lolote kuhusu fimbo. Mbwa hawa hushtuka upesi na husahau polepole. Akitoroka, akazunguka nusu saa, akarudi mwenyewe, kisha akachapwa, alichojifunza si kwamba kutoroka ni kubaya, bali kwamba kumkaribia mtu wake kunauma. Kesho atasimama hatua tano mbali akikutazama, na hutamkamata. Anaporudi, hata kama umekasirika, mpokee kwa dagaa. Mafunzo yawe ya dakika mbili au tatu, mara kadhaa kwa siku, kwa sababu akirudiarudia jambo lilelile huchoka na kugeuka kando.

Dhana: Asitoke nje kabisa mpaka amalize chanjo

Hofu hii ina msingi, kwa kuwa ugonjwa wa parvo huua watoto wa mbwa kwa siku chache na virusi vyake hukaa ardhini kwa miezi. Chanjo huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8 na kurudiwa hadi wiki ya 16, na ile ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia miezi mitatu. Lakini umri wa kuzoea watu, sauti na vitu vipya bila woga huanza wiki ya 3 na kupungua kwenye wiki ya 12 hadi 14. Ukingoja chanjo ya mwisho, mlango umeshafungwa nusu. Shaba aliiona stendi ya boda boda, wauza ndizi na wanafunzi wenye sare akiwa mikononi mwangu, bila kukanyaga mahali wanapopita mbwa wasiojulikana. Mbwa mwoga ni tatizo kwa aina yoyote. Mbwa mwoga mwenye kasi ya namna hii akivunja kamba, hapatikani.

Dhana: Akikua pamoja na kuku hatawafukuza

Anaweza kuwazoea kuku wa nyumbani na bado akamfukuza kuku wa jirani anayekimbia. Hamu ya kufukuza mara nyingi huamka kati ya miezi 6 na 18, hata kwa aliyekuwa mpole. Watenganishwe kwa waya usipokuwapo.

Dhana: Ni mwembamba, hivyo ana njaa, ametoka jangwani, hivyo jua halimwezi

"Mwanangu, mbwa huyu umemnyima chakula," mama jirani aliniambia, akamletea posho, yaani ugali. Mbavu za mwisho kuonekana kidogo ni umbo lake la kawaida, na kumnenepesha mtoto ni kuongeza mzigo juu ya yale magegedu niliyoyataja. Kuhusu jua, mbwa yeyote hupoza mwili hasa kwa kuhema, na hewa ya unyevu baada ya mvua huzuia kupoa. Tunatoka kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Akihema bila kukoma na kuyumba, apelekwe kivulini, amwagiwe maji, apepewe, na daktari aitwe.

Dhana: Mazoezi yake ya kweli ni kumpeleka kuwinda

Kuwinda wanyamapori bila kibali kumekatazwa na Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019, na mbwa kuwa wa kuwinda si kibali. Hana haja ya sungura. Kinachomtosha ni kitu kinachokimbia. Mimi hufunga kitambaa cheupe kwenye kamba iliyoshikizwa fimboni, kwa sababu mbwa huona nyekundu vibaya kwenye nyasi na kavera anaweza kulimeza, halafu nakiburura chini katika mikunjo mipana, dakika mbili, kwenye kiwanja cha shule ya msingi chenye ukuta, ambacho mwalimu mkuu aliniruhusu kukitumia Jumapili. Nilianza hivyo alipotimiza mwaka mmoja na nusu. Mwisho wa zamu namwachia akikamate, kwa kuwa mbwa asiyekamata kamwe huacha kujaribu, au huanza kutafuta kingine cha kukimbiza.