Taa ya dari inayoruhusiwa kufunikwa ni ipi?

Ni taa ya kuzamishwa kwenye tundu la dari iliyojaribiwa kiwandani ikiwa imezibwa na kizuia joto, ikawaka bila kupita kiwango salama cha joto. Marekani na Australia huitambua kwa herufi IC, yaani inaweza kugusana na kizuia joto. Ulaya, Uingereza ikiwemo, alama hubandikwa kwenye taa isiyofaa: mchoro mdogo wa taa iliyofunikwa, umepigwa msalaba.

Uingereza watu wengi hugeuza nafasi ya chini ya paa, au gereji, kuwa chumba cha kulala. Dari hujazwa sufu ya madini au vibao vya povu gumu ili joto la hita lisitoroke. Tatizo ni kwamba kizuia joto hakibagui. Joto la taa nalo hulizuia lisitoke.

Enzi za halojeni, zile balbu za zamani zenye joto kali, hilo lilikuwa hatari kweli. Balbu ya wati 50 ilitoa joto jingi kuliko mwanga, na kioo chake kiliundwa kurudisha mwanga chumbani huku joto likipenya kwenda nyuma, yaani darini kwenyewe. Australia ilipoanza kugharimia vizuia joto majumbani mwaka 2009, baadhi ya mioto iliyofuata ilitokana na sufu iliyowekwa juu ya taa za namna hiyo. Mafundi wanne walikufa katika mpango huo, na Februari 2010 ukasitishwa.

LED ya wati 5 au 7 imepunguza hatari, haikuiondoa. Ikikosa pa kupumulia, draiva yake, kifaa kidogo kinachoipa umeme unaoifaa, huchemka na kufa mapema. Tena kibali cha kufunikwa ni cha kifaa kizima, si cha balbu: ukiweka balbu ya LED kwenye holda kuukuu, kesho mwingine anaweza kurudisha halojeni.

Wauzaji huchanganya sana hili na taa ya kuhimili moto. Hiyo ya pili ina kitu kinachovimba kwa joto na kuziba tundu, ili moto wa chumbani usipande ghorofa ya juu kwa dakika 30, 60 au 90. Haina maana kwamba unaweza kuifunika. Nyingine zina sifa zote mbili, lakini soma karatasi ya maelezo ya kifaa. Usitosheke na neno la dukani.

Unaweza pia kununua taa isiyofunikika na kuiachia nafasi. Kanuni za umeme za Marekani hutaka sufu ikae angalau milimita 75 mbali nayo. Hapo lakini umeacha kiraka kisicho na kinga, na hewa yenye unyevu ikipenya tunduni hugeuka maji inapokutana na ubaridi wa paa. Bafuni ni mbaya zaidi.

Kwa hiyo, kwenye dari ya mteremko wa paa, mimi ningechagua taa za kubandika kwenye uso wa dari, upande wa chumbani. Ukizitaka za kuzama kwa lazima, mwambie fundi apigilie fito chini ya karatasi ya kuzuia mvuke, apate uwazi wa kutosha urefu wa taa, karatasi isitobolewe.

Waya usisahauliwe: ukizungukwa na kizuia joto kwa zaidi ya nusu mita, kanuni za Uingereza huhesabu kwamba unaweza kubeba nusu tu ya mkondo wake wa kawaida.