Kutengua mara tatu si posho ya siku

“Nimetengua mara mbili tu, bado nina moja.” Mhariri mgeni wa Wikipedia ya Kiingereza ameniandikia hivyo juzi, na si wa kwanza. Kutengua ni kuondoa badiliko la mwenzako na kurudisha ukurasa ulivyokuwa. Sasa naliandika hapa, maana nimechoka kulieleza kwa mmoja mmoja.

Kanuni ipo tangu 2004: usitengue zaidi ya mara tatu katika ukurasa mmoja ndani ya saa 24. Sisi wenyeji tumeikatakata ikabaki “mara tatu basi”, na mgeni akasikia ruhusa. Kinachokatazwa ni vita vya uhariri, yaani kutenguana tena na tena badala ya kujadiliana. Mkabidhi, yaani msimamizi wa Wikipedia, anaweza kukuzuia usihariri kwa kutengua mara mbili, au mara moja kila siku wiki nzima huku ukurasa wa majadiliano ukiwa mtupu. Anayevizia saa ya 25 ndiye anayeniudhi zaidi, kwa sababu kuvizia kwenyewe kunaonyesha kwamba alijua anachofanya.

Kuhesabu nako kuna mambo yake. Si lazima ubonyeze “tengua”; ukifuta kwa mkono sentensi ya mwenzako, umetengua. Sehemu tofauti za ukurasa huohuo zinajumlishwa. Hariri zako zinazofuatana bila mtu kuingia katikati ni moja.

Halafu kuna ile “lakini ulikuwa uharibifu!” Ni kweli, uharibifu wa wazi hauhesabiwi. Lakini uharibifu ni matusi ndani ya makala, ni kufuta aya kwa makusudi ya kuvuruga, kitu ambacho kila mwenye nia njema angekiona hivyo. Mtu aliyeweka takwimu mbovu akiamini ni sahihi amekosea tu. Ukimwita mharibifu umemvunjia heshima, na hujapata kinga yoyote.

Nifundisheje basi? Hapo nasitasita. Ukurasa kamili wa kanuni mgeni hausomi, na simlaumu. Siku hizi nawaambia: ukitenguliwa mara moja, nenda kajadili. Nayo ni kauli fupi yenye tundu lake, kwani wapo wakongwe wanaotengua kila kitu wakijua kwamba mgeni mpole atakwenda kungoja jibu lisilokuja. Nimemkuta mgeni wa namna hiyo mara nyingi: ameweka vyanzo vyake vyote, amengoja wiki mbili, hakuna aliyemjibu, na kosa bado limo kwenye makala.