Værløse ya zamani: manispaa imefutwa, mipaka ya ujenzi ipo palepale

Baridi ikipungua Denmark na watu wakianza kupanga vibanda vya bustani, idara za ujenzi huletewa hoja moja: "Masharti ya ujenzi yalikuwa ya manispaa ya Værløse, na Værløse haipo tena." Si kweli. Tarehe 1 Januari 2007, nchi ilipopunguza manispaa kutoka 271 hadi 98, Værløse iliunganishwa na manispaa jirani ya Farum ikazaliwa manispaa ya Furesø. Mipango ya ardhi ilirithiwa yote. Kila mpango unambana mwenye kiwanja mpaka ufutwe au ubadilishwe rasmi.

Ugumu wa kujenga hapa unatokana na jinsi mji wa Værløse ulivyokua. Vijiji vya kaskazini-magharibi mwa Copenhagen vilipata reli mwaka 1906. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mashamba yakakatwa viwanja vya nyumba za familia moja moja, na mwaka 1977 zikafika treni za umeme za S-tog. Lakini mji haukuwa na pa kutanukia: huku ziwa Furesø, lenye kina cha karibu mita 38, huku misitu ya Hareskov, kusini ziwa Søndersø, na ng'ambo yake kambi ya jeshi la anga iliyofungwa mwaka 2004. Ndiyo maana viwanja vingi vimebanana na msitu au maji.

Hapo sheria ya hifadhi ya mazingira inaweka mistari miwili ambayo ndani yake hairuhusiwi kujenga bila ruhusa maalumu: mita 150 kutoka ziwa lenye hekta 3 au zaidi, na mita 300 kutoka msituni. Msitu wa umma unahesabika hata ukiwa mdogo. Wa binafsi ni kuanzia hekta 20. Ndani ya mstari wa ziwa hata kupanda miti au kubadili usawa wa ardhi kumezuiwa, si kujenga tu.

Wengi husema kibanda kisichozidi mita za mraba 50 hakihitaji kibali. Kwanza, 50 ni jumla ya vibanda vyote vya kiwanja, pamoja na cha gari. Pili, msamaha huo ni wa kibali cha ujenzi peke yake. Haugusi mistari hii wala mpango wa mtaa, yaani mpango wa ardhi wa eneo lako.

Kwa hiyo angalia kwanza mistari hii kwenye ramani ya mtandaoni iitwayo Danmarks Arealinformation. Kiwanja kikiwa ndani ya mstari, omba ruhusa maalumu kwa manispaa ya Furesø, ukiambatisha mchoro wenye vipimo, urefu wa jengo na umbali hadi mpaka wa jirani. Ukikubaliwa, usianze bado: kuna wiki 4 za rufaa, na ruhusa haitumiki kabla hazijaisha. Kibanda kikishasimama, kisajiliwe kwenye daftari la majengo, BBR.

Aliyejenga bila ruhusa anaweza kutozwa faini na kuamriwa kubomoa. Wajibu wa kurekebisha kosa humfuata mmiliki wa sasa, hata kama kibanda kilijengwa na aliyemuuzia nyumba.