Nairobi hadi New York: masaa ya ndege ambayo watu wengi wanayapiga hesabu vibaya

Mtu akishakata tiketi ya Nairobi kwenda New York, hakosi mjomba wa kumwambia mbona hiyo ni masaa saba tu, si unaondoka saa tano usiku unatua saa kumi na mbili asubuhi? Mjomba, hizo saa ni za miji miwili. New York iko nyuma yetu masaa 8 kipindi chao cha baridi, na 7 wakisogeza saa zao za kiangazi, kwa hiyo hapo unapotua alfajiri yao huku Nairobi ni saa nane mchana watu washakula. Umekaa kwenye kiti kama masaa 15. Na hapo ni ile ndege ya moja kwa moja ya Kenya Airways iliyoanza Oktoba 2018.

Halafu kuna hii inayonichekesha, eti kwenda na kurudi masaa hayalingani sababu dunia inazunguka chini ya ndege. Ingekuwa hivyo ndege ya Mombasa isingefika kabisa! Dunia inazunguka kuelekea mashariki, na huku karibu na ikweta ni spidi ya kama kilomita 1,670 kwa saa, ndege yenyewe inakimbia 900 hivi, Mombasa si ingekuwa inaikimbia tu. Hewa yote inazunguka pamoja na dunia na ndege iko humo humo. Kinacholeta tofauti ni upepo mkali wa huko juu unaovuma kutoka magharibi, mara nyingine unapita kilomita 200 kwa saa, ukienda unakupiga usoni, ukirudi unakusukuma, ndo maana kurudi ni kama masaa 14.

Ramani ya ukutani nayo inadanganya. Weka rula utaona mstari unapita Nigeria na Mali, lakini vuta uzi kwenye tufe, unapanda Darfur, Chad, jangwa la Aljeria, unatokea Moroko ndo unaingia Atlantiki. Hiyo ndo njia fupi, kama kilomita 11,800, na hata hiyo rubani haifuati vile vile, maana anga la Sudan lilifungwa vita vilipoanza Aprili 2023, inabidi azunguke.

Kwa hiyo ukigawanya 11,800 kwa 900 ukapata masaa 13 usimwambie dereva wa kukupokea, hujaweka upepo, kona wala foleni ya kuruka. Na kama tiketi yako inapitia Doha sahau kabisa hiyo namba, Doha iko kaskazini mashariki yaani safari unaianza kwa kwenda pembeni badala ya kuielekea New York, jumla inakuwa kama kilomita 14,000, angani peke yake masaa 19 hivi, bado hujakaa kusubiri ndege ya pili.