Ngome za Udongo za Petersburg: Dhana Potofu na Ukweli

Wageni wengi wa Petersburg, jimbo la Virginia, hudhani kwamba ngome za udongo zilizobaki tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani ni kazi ya watu waliokosa mawe. Sivyo hata kidogo. Aprili 1862, mizinga ya aina mpya ilibomoa ukuta wa matofali wa Fort Pulaski, Georgia, kwa muda wa saa 30 hivi, ilhali mwaka uliofuata Fort Wagner, ngome ya mchanga karibu na Charleston, ilihimili makombora kwa takriban miezi 2, kwa kuwa tofali hupasuka lakini mchanga humeza kombora, na pengo la mchana huzibwa usiku kwa sepetu.

Dhana ya pili ni kwamba askari ndio waliojenga kila kitu. Ngome za Petersburg zilianza kujengwa mwaka 1862 chini ya Kapteni Charles Dimmock, mhandisi wa jeshi la Kusini lililotaka kujitenga, na sehemu kubwa ya udongo ule ilichimbwa na kubebwa na watu weusi, watumwa kwa walio huru, waliolazimishwa. Haifai kupita hapo bila kukumbuka kwamba tarehe 15 Juni 1864 askari weusi wa jeshi la Muungano, yaani upande wa Kaskazini, waliteka baadhi ya ngome hizo, ikiwemo Batiri namba 9, kituo cha mizinga.

Wapo pia wanaofika kwenye shimo la mlipuko wa 30 Julai 1864, jeshi la Muungano lilipolipua baruti chini ya ngome ya Kusini, wakitarajia korongo, wakakuta bonde dogo la nyasi. Shimo ni lilelile, lililokuwa na kina cha mita 9 hivi, udongo umelijaza.

Dhana yenye madhara zaidi ni kwamba tuta ni udongo tu, basi kulipanda si kitu. Nyayo huchubua nyasi, mvua hupata upenyo, na ukingo uliodumu zaidi ya miaka 150 humomonyoka. Hata majani makavu ya msituni yasifagiliwe, maana ndiyo yanayoukinga udongo na matone. Atakaye kuliona umbo la ngome vizuri na asimame njiani wakati wa baridi, miti ikiwa imepukutika na jua likiwa chini, ndipo kivuli kinapoonyesha handaki lilipopita.